Mmea hauna miguu, lakini una kinga

NDUGU msomaji, hebu itazame sahani yako ya leo Jumapili. Kama wewe ni mkazi wa Woodley, au wa mtaa mwingine wowote kandokando ya Barabara ya Ngong, huenda ina chapati, ndizi za kupika au ugali, na kando yake sukuma wiki iliyonunuliwa kwa mama mboga wa soko la Toi. Je, umewahi kujiuliza vyakula hivyo viliponea vipi huko shambani hata vikakufikia?

Mtoto akipatwa na homa, tunamkimbiza hospitalini. Ng'ombe akiugua, tunamwita daktari wa mifugo. Lakini mgomba ukivamiwa na bakteria hauna pa kukimbilia. Umesimama papo hapo, mizizi ardhini, usiku na mchana, huku viini vya maradhi vikiujia kwa upepo, kwa mvua, kwa wadudu na hata kwa panga la mwenye shamba.

Hata hivyo, ukipita shambani utaona kwamba mimea mingi ni mizima. Viini hivyo viko kila mahali, lakini ni vichache tu vinavyofaulu kuleta ugonjwa. Lazima basi pawe na kitu kinachovizuia.

Kitu hicho ni kinga ya mmea wenyewe. Wanasayansi wamekuwa wakiichunguza kwa zaidi ya miaka 100, na katika miaka 30 iliyopita wamefaulu kuingia ndani ya seli na kuona jinsi inavyofanya kazi. Isitoshe, utafiti huu haufanywi Ulaya na Marekani pekee. Sehemu yake muhimu hufanywa hapa kwetu: Njoro, Naivasha, na Uthiru, ambako mtu wa Woodley aweza kufika kwa matatu kabla gazeti hili halijakwisha kusomwa.

Kila mpangaji ni soja

Mwili wa binadamu una damu, na ndani ya damu mna chembe nyeupe zinazopiga doria. Chembe hizo hujifunza. Mtoto aliyewahi kuugua surua haugui tena, kwa kuwa mwili wake umekwisha kumtambua adui. Chanjo nazo hutumia uwezo uo huo wa mwili kukumbuka.

Mmea hauna damu wala chembe za doria. Kila seli ya jani, ya shina na ya mzizi sharti ijilinde yenyewe. Mfano wake ni jengo la ghorofa ambalo kila mpangaji ni soja wa chumba chake mwenyewe.

Ulinzi huo una ngazi mbili. Ngazi ya kwanza iko nje, kwenye ngozi ya seli. Hapo pana protini ambazo kazi yake ni kuwapapasa wageni. Mnamo mwaka wa 2000, Profesa Thomas Boller na wenzake katika mji wa Basel, Uswisi, walitangaza kwamba wameipata jeni inayotengeneza protini moja ya aina hiyo katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis. Protini hiyo hutambua kipande cha mkia ambao bakteria wengi hutumia kuogelea.

Zingatia, msomaji, werevu wa mpango huu. Soja wa langoni hana haja ya kumjua kila mwizi kwa jina. Akimwona mtu amebeba mtarimbo usiku wa manane, anapiga filimbi. Vivyo hivyo, seli ikigusa mkia wa bakteria, hata kama ni wa aina ambayo haijapata kuuonja mmea huo, papo hapo hutoa ishara. Matundu ya jani yanafungwa, kuta za seli zinaimarishwa, na kemikali za kumdhuru mgeni zinaanza kutengenezwa.

Kwa viini vingi vita huishia hapo. Lakini wezi nao wana akili. Bakteria na kuvu waliozoea mmea fulani huwa na protini ambazo huzipenyeza ndani ya seli ili kuizima ishara ile ya hatari. Ni kama mwizi anayemtilia soja dawa ya usingizi katika chai.

Hapo ndipo ngazi ya pili inapoanza. Ndani ya seli mna masoja wengine, na hawa hawatazami mtarimbo. Wao wanamtafuta mwizi mmoja mahsusi, kana kwamba kila mmoja wao amekabidhiwa picha ya mhalifu mmoja. Soja akimtambua mhalifu wake, seli huchukua hatua kali mno: hujiua. Chumba kimoja kinateketezwa pamoja na mwizi aliyemo ili jengo zima liokoke. Kwenye jani utaona labda kidoa kidogo tu kilichokauka, na ugonjwa umeishia hapo.

Maelezo haya ya ngazi mbili yalipangwa vizuri mwaka wa 2006 na wanasayansi wawili, Jonathan Jones wa Uingereza na Jeffery Dangl wa Marekani, katika jarida la Nature. Mnamo 2019, watafiti wa China wakiongozwa na Profesa Jijie Chai walifaulu kuona umbo la soja wa ndani akiwa kazini. Waligundua kuwa protini tano hushikana na kufanya kitu mfano wa gurudumu. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba gurudumu hilo hutoboa utando wa seli na kuingiza kalisi, na kalisi hiyo ndiyo mbiu ya mgambo. Mwaka uo huo wa 2021, makundi ya watafiti wa Uingereza na China yalionyesha kwamba ngazi hizi mbili husaidiana. Soja wa ndani akiamka, yule wa langoni naye hupata nguvu zaidi.

Kinga ya kurithi

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ni kiini cha makala haya. Masoja wale wa ndani hawajifunzi sura mpya. Picha waliyo nayo waliirithi kutoka kwa wazazi wao kupitia mbegu.

Ni kweli kwamba mmea ulioshambuliwa jani moja unaweza kuyaweka tayari majani mengine, jambo ambalo mtafiti A. F. Ross wa Marekani alilionyesha katika tumbaku mwaka wa 1961. Lakini hata tahadhari hiyo haimtengenezei soja picha ya mwizi ambaye mmea haukupata kumrithi.

Jambo la urithi lilijulikana mapema. Mnamo 1905, Rowland Biffen wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alionyesha kwamba uwezo wa ngano kuhimili kutu ya manjano hurithiwa kwa kanuni zile zile ambazo Gregor Mendel alizigundua katika njegere, na ambazo wanafunzi wetu husomeshwa hadi leo. Katika miaka ya 1940, Harold Flor, aliyefanya kazi North Dakota, Marekani, aliongeza jambo la pili. Alikuwa akichunguza kitani na kutu yake, akagundua kuwa kila jeni ya kinga katika mmea ina jeni inayolingana nayo katika kuvu. Kwa lugha ya mfano wetu, kila picha aliyo nayo soja ina mwizi wake mmoja.

Basi na itokee nini mwizi huyo akinyoa ndevu na kubadilisha kofia? Soja atamtazama na asimtambue, kisha ampishe apite. Kuvu moja hutoa mbegu ndogondogo kwa mamilioni. Miongoni mwa mamilioni hayo inatosha moja tu izaliwe na sura tofauti, nayo itauona mlango wazi. Kama wakulima wa nchi nzima wamepanda aina moja yenye soja mmoja, milango yote ya nchi hiyo i wazi.

Hili si jambo la kubuni. Limetokea katika eneo letu hili, na limeitikisa dunia.

Kutu iliyozuka jirani

Kutu ya shina ni ugonjwa wa kale wa ngano. Huletwa na kuvu, nayo hutokeza unga mwekundu wa rangi ya chuma kilichopata kutu kwenye mashina na majani. Shina huvunjika, na punje husinyaa. Magonjwa ya kutu si mageni Kenya. Lord Delamere alipojaribu kulima ngano huko Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, kutu ilimharibia mazao yake, na ikambidi atafute wataalamu wa kumzalishia aina zenye kuhimili.

Baadaye, katika nusu ya pili ya karne hiyo, dunia ilionekana kama imekwisha kuishinda kutu ya shina. Aina nyingi za ngano zilipewa jeni inayojulikana kama Sr31, ambayo asili yake si ngano bali ni nafaka nyingine iitwayo rai. Jeni hiyo ilishika zamu kwa miaka mingi bila kushindwa, na vijana wengi waliosomea kilimo wakamaliza masomo bila kuiona kutu ya shina kwa macho yao.

Kisha ukaja mwaka wa 1998. Katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, kusini-magharibi mwa Uganda, mtaalamu wa ngano Dkt William Wagoire aliona kutu ya shina ikishambulia ngano ambayo ilitarajiwa kuwa salama. Vielelezo vilipelekwa Afrika Kusini, ambako Profesa Zakkie Pretorius na wenzake walithibitisha kwamba kuvu hiyo mpya imeishinda Sr31. Ikapewa jina Ug99, yaani Uganda 1999.

Upepo hauulizi pasipoti. Kuvu hiyo ikaingia Kenya, kisha ikaonekana Ethiopia mwaka wa 2003. Mwaka wa 2006 ilikuwa imefika Sudan, na hata Yemen ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Mwaka wa 2007 ikapatikana Iran.

Aliyepiga mbiu kwa sauti kubwa zaidi ni mzee Norman Borlaug, yule Mwamerika aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 1970 kwa kazi yake ya kuzalisha ngano iliyookoa mamilioni na njaa. Septemba 2005, akiwa na umri wa miaka 91, alikuwa hapa Nairobi wakati mpango wa kimataifa wa kupambana na kutu ulipozinduliwa. Mpango huo ulikuja kupewa jina lake. Borlaug alifariki mwaka wa 2009.

Kazi kubwa ikaangukia Njoro. Kila msimu, wataalamu kutoka nchi nyingi hutuma huko maelfu ya mistari ya ngano. Katika kituo cha shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, ngano hizo hupandwa na kuachiwa kutu kwa makusudi. Zinazokauka hutupwa. Zinazosimama ndizo huendelezwa. Ukisikia kwamba ngano fulani ya Asia inahimili Ug99, huenda mtihani wake ilifanyia katika udongo wa Njoro.

Lakini hata Njoro palitoa funzo chungu. Mnamo 2011 wakulima wa Kenya walipewa aina mpya zenye kuhimili, mojawapo ikiitwa Robin. Waliipenda kwa mavuno yake. Ilipofika 2014, kuvu ya ukoo ule ule wa Ug99 ilikuwa imebadilika tena na kuishinda jeni kuu iliyokuwa ikiilinda Robin. Soja mmoja alikuwa amepitwa kwa mara nyingine, na safari hii haikuchukua hata miaka mitano.

Masoja watano mlangoni

Je, dawa yake ni nini? Wanasayansi wana jibu ambalo hata fundi wa milango wa Kibera angelitoa bila kusoma: usitegemee kufuli moja.

Mwizi akikabiliwa na masoja watano, kila mmoja na picha yake, hatoshi kunyoa ndevu. Sharti abadilike mara tano kwa wakati mmoja, na hilo ni gumu mno. Taabu ni kwamba ukizalisha ngano kwa njia ya kawaida, jeni tano zilizotawanyika hupotea njiani kwa urahisi, moja huku na nyingine kule, kadiri vizazi vinavyofuatana.

Hapa ndipo utafiti wa molekuli ulipoleta tofauti. Mwaka wa 2013, makundi mawili ya watafiti yalitangaza kuwa yamezitenga jeni mbili zinazoikinga ngano dhidi ya Ug99. Moja, Sr35, ilitoka kwa ngano ya kale isiyolimwa sana siku hizi. Nyingine, Sr33, ilitoka kwa nyasi ya mwituni iliyo jamaa ya ngano. Mwaka wa 2017 ikajulikana ni protini gani ya kuvu ambayo Sr35 huitambua, na mwaka wa 2022 watafiti walioko Ujerumani na China wakaonyesha umbo lake. Ni gurudumu lile lile la protini tano lililoonekana katika Arabidopsis. Mimea miwili isiyofanana hata kidogo inatumia mtambo mmoja.

Mnamo 2021, watafiti wa shirika la CSIRO la Australia na wenzao walieleza jinsi walivyounganisha jeni tano za kinga na kuziingiza katika ngano zikiwa fungu moja, ili zirithiwe pamoja bila kutengana. Katika majaribio, ngano hiyo ilihimili kutu za aina nyingi.

Jambo hili linahusu jikoni kwako moja kwa moja. Kenya hununua kutoka ng'ambo sehemu kubwa ya ngano inayotumia. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka wa 2022, kila mama aliyekanda chapati alihisi mtikisiko huo kwenye bei ya unga. Kila gunia linaloangamizwa na kutu Narok, Nakuru au Uasin Gishu hutuongezea utegemezi huo.

Mahindi ya Bomet

Ngano si peke yake. Septemba 2011, wakulima wa Longisa katika eneo la Bomet waliona mahindi yao yakigeuka manjano, yakikauka kuanzia pembeni mwa majani, na kuzaa magunzi yasiyo na punje. Baadhi yao walipoteza mashamba mazima.

Ilibainika kuwa adui walikuwa wawili. Virusi vya aina moja vilikuwa vigeni kabisa nchini, na vya aina ya pili vilikuwa vikipatikana katika miwa na mahindi tangu zamani. Kila kimoja peke yake kinaweza kustahimiliwa. Vikikutana katika mmea mmoja, mmea hufa.

Kwa nini? Mmea una njia nyingine ya kujikinga na virusi, ambayo David Baulcombe na Andrew Hamilton wa Uingereza waliieleza mwaka wa 1999. Virusi vinapoingia, seli huvikatakata vipande vidogovidogo kisha hutumia vipande hivyo kama kielelezo cha kuwinda vingine vilivyofanana navyo. Lakini virusi vya jamii ile ya pili, vilivyozoea miwa na mahindi, vina protini ya kuuzima mtambo huo. Kimoja humfunga mwenye nyumba mikono, na chote kilichomo kinakuwa cha mgeni.

Mwaka wa 2013, shirika la kimataifa la utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, likishirikiana na watafiti wa Kenya, lilifungua huko Naivasha kituo maalumu cha kupimia mahindi dhidi ya ugonjwa huu. Mistari kadhaa yenye kinga thabiti ilipatikana, na asili yake ni Thailand. Kinga hiyo imekuwa ikiingizwa katika mbegu za Afrika Mashariki. Waama, ugali wa kesho utakuwa na jamaa zake Bangkok.

Uthiru na siri ya pilipili hoho

Ukitoka Woodley, shika Barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, kata kulia uifuate Barabara ya Naivasha, upite Kawangware. Ukikaribia Uthiru utafika kwenye uwanja mpana wa taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI. Usidanganywe na jina. Ndani ya uwanja huo mna maabara ya mimea pia, na mle Dkt Leena Tripathi na wenzake wa taasisi ya IITA wamekuwa wakipigania ndizi.

Adui wao ni mnyauko wa migomba uletwao na bakteria. Ulijulikana Ethiopia tangu miaka ya 1960, ukazuka Uganda mwaka wa 2001, kisha ukaenea Kongo, Rwanda, Tanzania, Burundi na magharibi mwa Kenya. Majani hulegea na kuwa manjano, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizikata nyama yake ni ya rangi ya kahawia. Ukikata shina, usaha wa manjano hutoka. Hakuna aina ya ndizi tunayolima iliyopatikana ikiwa na kinga kamili, na mgomba hauzalishwi kwa urahisi kwa kuwa ndizi tunazokula hazina mbegu.

Kwa hivyo watafiti wakaazima kinga kwa mmea mwingine. Walichukua jeni mbili kutoka kwa pilipili hoho, hii hii unayokatia kachumbari, wakaziingiza katika mgomba. Kazi ya jeni hizo ni kuiharakisha seli iliyovamiwa ijitoe mhanga mapema. Migomba hiyo ilijaribiwa shambani huko Kawanda, Uganda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2014 yalionyesha kwamba baadhi yake ilibaki mizima kabisa.

Baadaye wakajaribu njia nyingine, ambayo haiingizi jeni ya mmea mwingine. Mgomba wenyewe una jeni inayoituliza kinga yake, mfano wa breki ya gari. Mwaka wa 2021 kundi hili lilitangaza kwamba limeiharibu breki hiyo kwa kutumia mkasi wa molekuli uitwao CRISPR, chombo kilichowapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2020. Migomba iliyohaririwa iliuhimili mnyauko vizuri zaidi, nayo ikaendelea kukua kama kawaida.

Swali la wazazi

Najua kuna mzazi ambaye amesoma hadi hapa akaweka kikombe chini na kuuliza: Je, vyakula hivi ni salama?

Ni swali la haki, na jibu lake si moja kwa mimea yote. Ngano ya Njoro na mahindi yenye kinga ya Thailand vilipatikana kwa kuzalisha kawaida, kama mfugaji anavyochagua fahali. Mgomba wenye jeni za pilipili hoho ni wa teknolojia ya kuhamisha jeni. Mgomba wa breki ni wa kuhariri jeni. Ni vitu vitatu tofauti, na si vizuri kuvitia katika kapu moja, ama kwa kuvisifu ama kwa kuvilaani.

Sheria zetu nazo zimekuwa zikivutana. Mnamo Novemba 2012, baraza la mawaziri lilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vyenye jeni zilizohamishwa. Oktoba 2022 marufuku hiyo ikaondolewa, na mara moja kesi zikafuata mahakamani. Halmashauri ya Kitaifa ya Usalama wa Viumbe ilitoa mwongozo wake kuhusu kuhariri jeni mwaka uo huo wa 2022. Kila mmea wa aina hiyo sharti upimwe peke yake, na mwananchi ana haki ya kutoa maoni. Lakini atoe maoni akijua anachokizungumzia.

Jambo moja halina ubishi. Kukataa njia zote si kubaki salama. Kuvu, bakteria na virusi havingoji tumalize mjadala.

Wewe ufanye nini?

Woodley ni mtaa uliojulikana miaka mingi kwa nyumba za kanju zenye nyua za kupandia mboga na migomba. Popote unapopata kipande cha udongo, hata kama ni gunia la sukuma wiki kwenye roshani, mambo haya yatakufaa.

Kwanza, ukienda mashambani Desemba usirudi na chipukizi la mgomba ndani ya buti ya gari, hasa kutoka magharibi mwa nchi. Chipukizi laweza kuonekana zuri kumbe limebeba mnyauko. Nunua miche iliyokuzwa katika maabara, ambayo huanza ikiwa safi. Anayetaka kuvusha mmea mpakani ajue kwamba ni lazima apitie kwa KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea.

Pili, panga lililokata mgomba mgonjwa ni sindano iliyotumika. Lipitishe motoni, au ulioshe kwa dawa ya kung'arisha nguo kama Jik, kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ua la kiume la mgomba, lile la rangi ya zambarau linaloning'inia, livunje kwa kijiti chenye panda mara tu mikono ya ndizi ikishakamilika. Wadudu hubeba ugonjwa kupitia hapo.

Tatu, usipande aina moja peke yake kila mwaka mahali pale pale. Changanya mazao na ubadilishe. Adui aliyezoea njia moja akute imefungwa.

Nne, mpe mwanao nafasi ya kulijua jambo hili. Maonyesho ya kilimo katika uwanja wa Jamhuri yako hatua chache kutoka Woodley. Badala ya kumpeleka kwenye pembea na kumnunulia soda tu, mfikishe kwenye vibanda vya watafiti, umwache aulize maswali.

Nawe mwanafunzi unayedhani baiolojia ni ya kwenda udaktari pekee, fikiri tena. Robin ilidumu miaka michache, na itakayomrithi nayo itapitwa siku moja. Kila kizazi cha kuvu kinahitaji kizazi cha watu wa kukikabili, wa kwenda Njoro kuhesabu mashina yenye kutu na wa kuketi Uthiru kusoma jeni za mgomba. Borlaug alikuwa bado akipiga mbiu akiwa na miaka 91.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mmea huziba ufa wake kwa masoja aliourithisha mzazi. Kumwongezea soja mwingine, kabla mwizi hajabadilisha kofia, ni kazi yetu.